Kaburi la Namba

Marehemu alikuwa amelala vizuri mno. Hilo ndilo lililomkera Inspekta kabla ya jambo jingine lolote.

Mtu aliyeanguka mwenyewe hulala ovyo, mguu huku, mkono kule, shati limepanda mgongoni. Huyu alikuwa amenyooshwa. Alikuwa chali katikati ya makabati mawili ya chuma, kwenye chumba cha mitambo ya kompyuta chini kabisa ya jengo, na kichwa chake kilikuwa juu ya sweta la kijivu lililokunjwa mfano wa mto. Sweta lilikuwa limekunywa damu mpaka likawa jeusi. Mitambo ilinguruma kwa sauti moja isiyobadilika, na baridi ya mle ndani ilikuwa ya kuingia mifupani.

Inspekta alikuwa na jino bovu, la nyuma, upande wa kushoto, na baridi ile ililiamsha upya. Alishika shavu, akachuchumaa.

"Sweta la nani?"

"La watu wote, afande," alijibu Koplo. "Linaning'inia pale mlangoni. Anayeshuka huku analivaa, akitoka analirudisha. Nimeambiwa halijawahi kuona sabuni."

"Nani kakwambia?"

"Fundi wa mitambo. Ndiye aliyemkuta asubuhi hii. Yuko nje, anatapika."

Daktari wa uchunguzi wa maiti alikuwa amemaliza kuangalia kifua cha marehemu. Alikuwa mama mmoja asiyependa maneno mengi.

"Fuvu limebonyea kwa nyuma," alisema. "Ni kona ya kabati, ile pale yenye nywele. Na hapa kifuani kuna michubuko miwili, mmoja kila upande. Viganja."

"Alisukumwa."

"Alisukumwa kwa nguvu, jana jioni. Lakini hakufa papo hapo. Damu ilivujia ndani taratibu. Nitakuwa na hakika nikishampasua, ila ukiniuliza sasa, mtu huyu alipumua kwa muda mrefu baada ya kuanguka. Saa nzima, pengine zaidi."

"Angeokolewa?"

Daktari alivua glavu moja, kisha ya pili. "Hospitali iko ng'ambo ya barabara, Inspekta. Mimi nimekuja kwa miguu."

Inspekta alilitazama lile sweta tena. Mtu amemsukuma mwenzake, ameona damu, ameona roho bado imo. Amemlaza vizuri, amemtafutia mto, halafu ameondoka. Katika miaka yake yote ya kazi alikuwa ameona ukatili wa kila namna, lakini huu wenye huruma ndani yake ulikuwa mgeni kwake.

Jengo lile lilikuwa hifadhi. Si hifadhi ya vitabu wala wanyama, bali ya sauti, picha na maandiko yaliyogeuzwa kuwa ya kompyuta: nyimbo, mahojiano, hotuba, kumbukumbu za wazee waliokwisha kufa. Marehemu alikuwa msimamizi wa haki. Yeye ndiye aliyeamua kipi kifunguliwe, kwa nani, na kwa masharti gani. Wenzake walimwita Bwana Kufuli, naye aliitikia bila kinyongo.

Mkurugenzi aliwapokea ghorofa ya juu. Alikuwa mtu wa tai iliyokaa sawasawa na manukato yaliyotangulia kuingia chumbani kabla yake. Rangi ya ukuta nyuma ya kiti chake ilikuwa imebanduka kwa unyevu, akawa amepatundikia picha yake mwenyewe.

"Ni pigo kubwa," alianza. "Taasisi imepoteza nguzo—"

"Mligombana wiki hii."

Mkurugenzi alishika tai. "Nani kasema?"

"Wote tuliowauliza. Wanasema mlisikika mpaka getini."

"Yalikuwa mambo ya kazi. Kampuni moja ilitaka nyimbo za zamani kwa ajili ya matangazo. Mimi nikaona ni nafasi nzuri. Yeye akasema walioimba waliimba kwa ajili ya masomo, hawakuimba ili wauze sabuni. Basi. Alikuwa na kichwa kigumu, Mungu amrehemu."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kwenye chakula cha wafadhili. Nilitoa hotuba. Ukumbi mzima uliniona."

Koplo alipiga simu mbili tatu akarudi na uso wa mtu aliyenyang'anywa tonge. "Ni kweli, afande. Alihutubia mpaka chakula kikapoa. Hakuna aliyesahau."

"Kuna kilichoibwa?" Inspekta alimuuliza Mkurugenzi.

"Hakuna. Asubuhi tumekagua namba zote. Kila namba inafika inapotakiwa kufika."

"Namba gani?"

Mkurugenzi aliinua simu. "Ngoja nikuitie Mama Namba. Yeye atakueleza vizuri. Ila umwendee polepole, Inspekta. Ametoka kumzika mama yake mzazi juzi juzi tu, halafu amerudi kazini amekutana na hili."

Mama Namba alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Kazi yake ilikuwa kuipa kila rekodi namba yake na kuiandikia maelezo. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini siku ile hata mlinzi wa getini alikuwa na macho mekundu.

"Pole na msiba, mama," alisema Inspekta.

"Nimeshapoa, baba."

"Nieleze hizo namba. Mimi ni mtu wa mafaili, nieleze kama mtoto."

Alitabasamu kidogo, kama mtu anayeulizwa habari za wanawe. "Wewe ukihama nyumba, wageni wako wanapotea, sivyo? Wanagonga mlango wa zamani, wanamkuta mtu mwingine. Basi na vitu vyetu vinahama. Mitambo inazeeka, tunanunua mingine, tunahamisha. Kwa hiyo kila kitu tunakipa namba moja, siku ya kwanza, na namba hiyo haibadiliki milele. Kitu kikihama, namba inaelekezwa kilipo. Na kila namba imebeba haki zake: nani asikilize, nani anakili, mpaka lini. Mimi natoa namba, yeye..." Alisita. "Yeye alikuwa anaweka kufuli."

"Na kitu kikiondolewa? Namba inakufa?"

"Namba haifi! Wala kitu kingine hakipewi. Tunaiwekea kaburi."

"Kaburi?"

"Ndivyo tunavyoita hapa. Ni ukurasa mmoja. Unasema hapa palikuwa na kitu fulani, kimeondolewa lini, kwa sababu gani, kwa ombi la nani. Mtu akija na namba yake mkononi asikute kiza tu, akabaki ameduwaa. Lazima aambiwe. Kuacha namba bila kaburi ni..." Alitafuta neno. "Ni utovu wa adabu."

"Na mtu akiandika uongo kwenye hilo kaburi?"

Mama Namba alimtazama kama mtu aliyetemewa mate sebuleni kwake. "Kwenye kaburi, baba?"

Inspekta alimshukuru, akamwacha aende. Alibaki amekaa, ulimi ukichokonoa jino. Kila namba inafika, alisema Mkurugenzi. Ndiyo. Lakini hata namba inayofika kaburini imefika.

Alishuka kumtafuta Fundi. Alimkuta kwenye chumba kidogo cha kompyuta, kijana mrefu mwenye waya shingoni kama daktari aliyesahau kuvua kifaa chake cha kupimia.

"Alinipigia simu jana jioni akiwa chini," alisema Fundi kabla hajaulizwa. "Akasema feni moja inapiga kelele. Nilikuwa nimeshafika nyumbani, nimevua viatu. Nikamwambia nitaiangalia asubuhi. Afande, ningekuja—"

"Usijichome roho kwa hilo. Nionyeshe makaburi mapya."

"Makaburi?"

"Yaliyowekwa tangu jana."

Fundi alibonyeza. Lilikuwa moja tu. Walilisoma wote watatu, Koplo akiwa amechungulia begani.

Liliandikwa kwa adabu kabisa. Rekodi ya sauti, kutoka mkusanyo wa Wodi ya Wazazi. Imeondolewa kwa ombi la mwenye haki. Tunaomba radhi kwa mtafiti aliyeifuata mpaka hapa.

"Limeandikwa kutoka meza ya nani?"

"Ya marehemu," alisema Fundi. "Kwa neno lake la siri. Lakini... hapana. Limewekwa baada ya ile simu. Saa moja na nusu baada yake."

"Huenda alipanda juu, akaliandika, akashuka tena," alisema Koplo.

"Akashuka tena kufanya nini? Kusikiliza feni?" Inspekta alikuna kidevu. "Meza yake huwa anaifunga akitoka?"

"Makabati yote anafunga, afande, hata kabati la vikombe. Lakini kompyuta anaiacha wazi akishuka chini mara moja. Tunafanya hivyo wote. Tunaaminiana humu."

"Huyo mwenye haki ni nani?"

"Jina halipo. Ipo namba tu." Fundi aligusa kioo kwa kidole. "Hapa hata watu wana namba. Majina yanafanana, namba hazifanani. Kila mwimbaji, kila mzungumzaji, kila..." Alisogeza uso karibu na kioo. "Namba hii naijua."

"Ya nani?"

Fundi alifungua rekodi yoyote, ngoma za harusi. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na namba ya aliyeandika maelezo. Ilikuwa ileile. Akafungua hotuba ya ufunguzi wa daraja. Ileile. Akafungua nyingine, na nyingine. Ileile.

"Ni yake," alisema kwa sauti ya chini. "Ndiye aliyenifundisha kazi, afande. Ndiye aliyeniombea nafasi hii."

Koplo alikuwa tayari ameshika pingu. Inspekta alimzuia kwa jicho. "Rekodi yenyewe imefutwa?" alimuuliza Fundi.

"Hatufuti kitu. Inafungiwa ndani tu."

"Koplo, nenda mahakamani ukaniletee hati. Nataka kuisikiliza."

Hati ilipofika, Inspekta aliomba aachwe peke yake. Alivaa vile vidude vya masikioni, akasikiliza kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Alipotoka, Koplo alimuuliza jino linaendeleaje. Inspekta alimtazama kama hakuelewa anaulizwa nini.

Kituoni walimpa Mama Namba kiti na maji. Alisomewa haki zake. Alisema hataki wakili, na kwamba angependa tu mtu amzimie taa ya jikoni nyumbani, aliiacha inawaka. Inspekta aliweka mbele yake karatasi yenye maneno ya lile kaburi.

"Umeandika wewe?"

Aliisoma kana kwamba anakagua makosa. "Mimi."

"Kwa nini uliweka namba yako mwenyewe? Ungeweka ya mwingine, au ungeandika faili limeharibika, tusingekugundua hata mwakani."

"Ungekuwa uongo."

"Umemwacha mtu anakufa, unaogopa uongo?"

Bega lake moja lilishuka. Mwanamke yule alizeeka papo hapo mbele yao.

"Ni sauti ya mama yangu," alisema. "Walipita watafiti, wakarekodi wanawake waliowahi kujifungua kwenye wodi ile ya zamani. Mama hakuniambia. Nilikutana na sauti yake kazini, kwenye foleni ya rekodi za kuandikiwa maelezo. Nilikuwa nakunywa chai. Nikasikia mama anasema, 'Huyu binti niliyemlea sikumzaa. Wangu alikufa, nikachukua wa mwenzangu.'"

Koplo aliacha kuandika.

"Ukafanyaje?"

"Nikazima. Nikaandika maelezo mafupi, nikaipa namba. Jioni nikaenda nyumbani, nikala naye chakula. Akaniuliza mbona sili. Nikasema tumbo." Alivua miwani. "Nimeishi na hilo miaka. Nilikuwa namwogesha, namkata kucha, namtazama mikono, najiuliza, mama, ulimwiba nani? Sikumuuliza. Nilitaka nibaki mwanawe."

"Halafu akafa."

"Akafa. Na rekodi zote za mkusanyo ule zinafunguliwa kwa umma mzungumzaji akifariki. Kila mtu kazini anajua. Wangesikiliza wote. Wajomba zangu, majirani, wanafunzi wa chuo. Mama yangu angeitwa mwizi wa watoto na udongo wake haujakauka. Na mimi ningeitwa nani?"

"Ukamfuata Bwana Kufuli chini."

"Kule mitambo inameza sauti. Mtu anaweza kulia asisikike. Nilimwomba aifunge moja kwa moja. Nikamwambia mimi ndiye mrithi, haki sasa ni yangu. Akasema, 'Lete cheti cha kifo, tutafuata alivyoagiza mwenyewe.' Nikamsihi. Akasema, 'Lete cheti kwanza, dada.' Miaka yote tumekula meza moja, alikuja mazikoni akabeba jeneza, halafu ananiambia lete cheti kama karani wa dirishani!" Alipiga meza kwa kiganja, mara moja, kisha akautazama mkono wake. "Nikamsukuma kwa mikono hii."

"Hakufa."

"Alikuwa anakoroma. Nikamlaza vizuri, nikamwekea sweta. Nikamwambia nakuja. Nilikuwa nakuja kweli, baba! Nikasema niitoe rekodi kwanza kabla watu hawajajaa, halafu nipige simu. Ni kazi ya kubonyeza tu."

"Kubonyeza ni mara moja."

Aliuzungusha uzi wa miwani kidoleni.

"Mama," alisema Inspekta, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Kuitoa rekodi ni mara moja. Nini kilikuchelewesha?"

"Kaburi," alinong'ona. "Nisingeweza kuiacha namba ya mama bila kaburi. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena. Sikuridhika na maneno. Nikaona nimtaje mtafiti, aombwe radhi. Niliposhuka alikuwa amenyamaza."

Nje, mtu alikuwa akicheka korido nzima, na Koplo aliinuka akaenda kufunga mlango.

"Ile rekodi uliisikiliza mpaka wapi?" aliuliza Inspekta.

"Nimekwambia. Pale."

"Hukurudi tena? Miaka yote?"

"Sisi tunasikiliza mwanzo tu. Rekodi ni maelfu. Unapata habari yenyewe, unaandika, unaenda kwenye nyingine." Kisha akaelewa kwamba anaulizwa kwa sababu. "Kwani kuna nini mbele?"

Inspekta alikuwa amewaza jambo hili njia nzima. Angeweza kumwacha asijue. Lakini ilikuwa haki yake, pengine haki pekee iliyombakia. Aliweka kompyuta ndogo mezani, akabonyeza.

Sauti ya mwanamke mzee ilijaza chumba, yenye kikohozi na upole.

"...Alikuwa kitanda cha pili. Hakuwa na ndugu, hakuna aliyekuja kumwona. Damu haikukatika. Alimtoa mtoto kifuani kwake akanipa. Akasema, dada, wewe una maziwa na huna mtoto, mimi nina mtoto na sitafika asubuhi. Mchukue. Nikamchukua. Nilimshika mkono yule mwenzangu mpaka ukapoa. Sijawahi kumwambia binti yangu, niliogopa ataniona mgeni. Sasa sikilizeni, nyinyi wa mashine. Hii si ya watu. Nikifa, apewe binti yangu peke yake. Asiambiwe kabla, aisikie kutoka kwangu. Akitaka kuifungia, aifungie. Haki yote ni yake. Na mwambieni nilimpata kihalali."

Inspekta alizima. "Sharti lilikuwa limefungwa pamoja na namba," alisema. "Marehemu peke yake ndiye aliyeliona. Alikatazwa kukuambia kabla ya cheti. Alikuwa anakuwekea wewe."

Mama Namba hakulia. Alikaa mdomo wazi, mikono imelala mapajani, akitazama pale sauti ilipotoka. Koplo aliinamisha kichwa, akajifanya anasoma alichoandika. Inspekta alitamani jino lake lianze tena kuuma, apate kitu kingine cha kushughulika nacho.

"Basi sasa ni yangu," alisema Mama Namba hatimaye. "Naweza kuifunga."

"Hapana, mama. Sasa ni kielelezo."

"Maana yake?"

"Itachezwa mahakamani. Ndiyo sababu ya mauaji, hakimu lazima aisikie."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, mara nyingi, kama mtu anayeelekezwa njia ndefu. Inspekta alivuta lebo ya kielelezo kutoka kwenye droo, akafungua kalamu. Mama Namba aliikodolea macho ile lebo, na kwa mara ya mwisho uso wake ukarudi kuwa uso wa mtu wa kazi.

"Mnaipa namba?"

"Kila kielelezo kina namba yake."

"Andika na ile ya zamani pembeni," alisema. "Nitakutajia."

Alivaa miwani yake yenye uzi, akaitaja taratibu, tarakimu moja moja, bila kutazama popote. Inspekta aliandika zote.